Sumu ya Swila, Mguu wa Mama

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu wa Masama, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kurudi nyumbani na diploma ya ng'ambo, na sioni sababu ya kulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenibeba. Sikuwa na mjomba wizarani wala shemeji kwenye chama. Nilichuma kahawa katika mashamba ya watu, nikauza maparachichi stendi ya Moshi, kisha nikaajiriwa kuosha chupa katika maabara ya hospitali. Niliziosha kwa namna ambayo mkuu wa maabara hakuwahi kuona, na kila alipogeuka alinikuta nimeinamia hadubini yake. Mwishowe alichoka kunifukuza, akaamua kunifundisha. Nafasi ya masomo India ilipotangazwa, waombaji wengine walikuwa na vyeti vizuri kuliko vyangu. Aliyepanda ndege ni mimi.

Huko India, baada ya kupata diploma ya maabara, nilifanya kazi mahali walipokamua sumu ya nyoka ili kutengeneza dawa ya watu walioumwa na nyoka. Nyoka aling'atishwa mpira mwembamba uliovikwa mdomoni mwa glasi, sumu ikachuruzika ndani, kisha ikakaushwa hadi ikawa chenga za njano kama sukari guru iliyopondwa. Katika mji ule wa mvua na joto kila kitu kiliota ukungu: viatu, mikanda, mikate, hata lenzi za hadubini. Lakini niliona kwamba glasi zilizosahaulika zikiwa na mabaki ya sumu ya swila, yule nyoka anayetanua shingo, hazikuota chochote. Wenzangu wenye digrii walizipita glasi hizo kila siku. Aliyesimama akajiuliza ni mimi. Mwalimu wangu alicheka kwanza, halafu akanipa kona ya meza akaniambia nijaribu. Nikaotesha ukungu kwenye sahani ya jeli, nikadondosha sumu katikati. Ukungu ulitambaa kutoka pembeni, na ulipolikaribia lile tone ulikoma. Ukaacha duara safi kulizunguka, kama uwanja uliofagiwa asubuhi.

Hilo ndilo nililorudi nalo. Wengine walirudi na redio kubwa na masuti.

Niliikuta Moshi si ile niliyoiacha. Nilipoondoka, sabuni ilipangiwa foleni na mtu binafsi hakuota hata kufungua maabara. Niliporudi, maduka yalijaa vitu kutoka Dubai, na kila mwenye akili alikuwa anafungua kitu: zahanati, duka la dawa, gereji, kampuni ya kupandisha wazungu mlimani. Mimi nilipanga chumba cha mbele cha nyumba moja kata ya Mawenzi, chumba kilichokuwa zamani duka la vitambaa. Nilitumia sufuria ya presha kuchemshia vyombo. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa, kwa sababu umeme wa mgao haujui maabara. Jeli nilipika mwenyewe kwa viazi mviringo vya sokoni na sukari. Asubuhi nilipima malaria, choo na mkojo, na majibu yangu hayakurudiwa na mtu. Jioni nilifanya kazi yangu ya sumu.

Sumu niliipata kwa mzee mmoja aliyefuga nyoka tambarare, kando ya barabara ya Arusha, ili watalii wasimame wapige picha. Alikuwa dereva mstaafu wa magari ya mbuga, mtu wa maneno mengi. Nyoka wake hakuwagusa kwa mkono, aliwasukuma kwa fimbo. Siku ya kwanza nilipomshika swila nyuma ya kichwa na kumng'atisha kwenye glasi, yule mzee alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Wewe Mchaga gani?" akauliza. "Mchaga akiona nyoka anatafuta panga."

"Mimi nimesoma, mzee."

"Hata huyo nyoka hajui kama umesoma!"

Tukacheka, na tangu siku hiyo akaniruhusu kukamua nitakavyo, kwa sharti moja tu: nisife kwenye kiwanja chake.

Mama yangu aliishi Masama katika kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi yetu. Aliishi na mdogo wangu, kitindamimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye anayebaki nyumbani na wazazi na kurithi nyumba. Ng'ombe wetu, kama wa wote huko, walifungiwa bandani na kuletewa chakula. Ndiyo maana wanawake wa mlimani hushuka tambarare kukata majani, na kupanda nayo kichwani. Mama alifanya hivyo maisha yake yote. Huko chini kuna migunga, na mwiba wa mgunga hutoboa ndala kama karatasi. Siku moja ulimchoma kwenye wayo wa kushoto. Aliung'oa, akatema mate, akaendelea kukata majani.

Mimi nilikuwa bado India. Niliporudi na kumkumbatia uani, niliona amevaa kiatu cha marehemu baba mguu wa kushoto na ndala mguu wa kulia.

"Mama, mguu umefanya nini?"

"Umenenepa. Mimi sinenepi, basi umenenepa wenyewe."

"Unauma?"

"Ungeuma ningekuwa nimekwenda hospitali. Hauumi, mwanangu. Ndiyo maana nimeuacha."

Nilimvua kile kiatu. Wayo ulikuwa umevimba hadi kifundoni, ngozi imekuwa ngumu, na juu yake palikuwa na matundu madogo yaliyotoa majimaji. Ndani ya majimaji mlikuwa na chembe nyeusi, mfano wa mbegu za mchicha. Sikuhitaji hadubini. Miguu ya namna ile nilikuwa nimeiona India kwa wakulima wanaotembea pekupeku. Ni ukungu. Unaingia na mwiba, unajenga nyumba ndani ya nyama, hauumi, hauna haraka, na mwishowe unafika kwenye mfupa.

Nilimpeleka mwenyewe hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, alimwanzishia vidonge. Mama alivimeza kwa utiifu muda mrefu. Vilimtapisha, vikamkondesha, na mwishowe macho yake yakawa ya njano, tukaambiwa ini limechoka, vidonge viachwe. Mguu haukupungua hata kidogo. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeanza kutobolewa kama mbao yenye dumuzi.

"Tukate chini ya goti," daktari akasema. "Tukichelewa tutakata juu ya goti. Tukichelewa zaidi sitajua nikate wapi."

Mama alimwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mwambie nimesikia," akasema kwa Kichaga. "Mwambie nakwenda kuangalia ng'ombe."

Wiki hiyo nilichukua chembe nyeusi kutoka mguuni mwake, nikaziosha, nikazipanda kwenye jeli ya viazi. Ukungu wa aina hiyo ni mvivu, ulinichelewesha sana. Lakini uliota, wa kahawia, wenye manyoya, ukikunja jeli kama ngozi ya mzee. Huyo ndiye aliyekuwa anamla mama yangu, na sasa alikuwa kwenye meza yangu. Nikatoboa kishimo katikati ya sahani mpya, nikatia sumu ya swila, nikaupanda ukungu pembeni. Sahani nyingine nikatia sumu ya kifutu. Ya kifutu haikufanya la maana. Ya swila iliacha duara safi.

Niliiweka sahani ile dirishani, nikaitazama hadi chai yangu ikapoa. Palepale nilijua nimeona jambo ambalo pengine hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona. Nilijua pia kwamba sahani si mguu. Mwenye kujua jambo la kwanza bila la pili si mtaalamu, ni mtu mwenye bahati.

Mdogo wangu alikuja asubuhi hiyo kuniletea maziwa, kama alivyofanya kila aliposhuka mjini. Alikuta sahani dirishani.

"Braza, hii ndiyo nini?"

"Ukungu wa mguu wa mama."

"Na hapa katikati mbona pametakata?"

"Sumu ya swila."

Akaweka galoni la maziwa chini polepole. "Kwa hiyo umeua ugonjwa wa mama."

"Nimeuzuia kwenye sahani. Kwenye mtu bado. Usimwambie mtu."

"Mimi nimwambie nani?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mnada wa sadaka ulifanyika nje ya kanisa kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, vilivyotolewa na waumini na kununuliwa na wenzao. Mdogo wangu alinunua kuku yuleyule aliyekuwa amemtoa yeye mwenyewe, akamwinua juu, akatangaza kwamba ni sadaka ya shukrani kwa sababu kaka yake amepata dawa ya mguu wa mama. Akaeleza habari za swila. Wazee wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mguu ameufunika kwa kanga, akasikia kila neno.

Tangu siku hiyo sikupumzika. Watu walinisimamisha sokoni kunipa mikono. Mama mmoja wa kwaya aliniletea nyoka wa kijani aliyekufa, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akasema ni mchango wake. Nilimwambia huyo hana sumu.

"Hana sumu?" akashangaa. "Na nilivyokimbia vile!"

Nilikubali pongezi zao, maana nilizistahili. Lakini nilimweleza kila mmoja kwamba dawa haijawa dawa. Waliitikia kwa vichwa kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza tajiri akisema hana hela.

Daktari alipomwita mama tena, mama hakwenda. Alimtuma mdogo wangu na maneno haya: mwanangu ana dawa, namsubiri.

Nilipanda Masama kumwona. Aliketi jikoni akimenya ndizi za mtori, mguu ameuegesha juu ya kigoda. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Unasubiri nini?"

"Mama, sumu ile haijajaribiwa kwa mtu."

"Jaribu kwangu."

"Sitajaribu kwako."

"Nani basi? Unamtafuta mtu mwingine asiye na mama yake?"

Nilisema habari za mfupa, za daktari, za goti. Alimaliza ndizi moja akachukua nyingine.

"Baba yenu yuko pale," akasema, akaelekeza kisu kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba, alipozikwa baba. "Nitafika kwake nikiwa nusu? Ataniuliza nusu nyingine nimemwachia nani. Hospitali wanatupa wapi miguu ya watu? Unajua?"

Nilijua. Kuna tanuri nyuma ya hospitali. Sikumwambia, naye alinisoma usoni.

Nilishuka mjini nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Kama ningekuwa mjinga, ningempaka. Watu wasiojua chochote walikuwa wanauza dawa za kila ugonjwa kwenye vibanda vya stendi, na hakuna aliyewashika mkono. Mimi niliyejua ndiye niliyefungwa na kujua kwangu. Nilitamani kumpa. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu sitaki mtu adhani nilikataa kwa urahisi.

Kisha mama akaja na isale.

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Mtu aliyekosana na mwenzake akitaka msamaha, humpelekea jani la isale. Anayeletewa hawezi kukataa. Hata kama ulimchomea nyumba, ukija na isale lazima apokee na asikilize. Sijawahi kuona likikataliwa, na sijawahi kumsikia aliyeona.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wagonjwa wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri majibu. Pikapu ya maziwa ilisimama nje. Mdogo wangu aliteremka, akamshika mama bega, wakaingia polepole. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alishika jani la isale kwa mikono miwili, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Wale wagonjwa wawili, wote wa kwetu, walisimama wakatoka nje bila kuambiwa.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Hili la nini? Hujanikosea."

"Marahaba. Sijakukosea bado," akasema. "Naomba msamaha kwanza, ndipo niombe jambo. Najua jambo lenyewe ni zito kwako."

"Mama, usinifanyie hivi. Mzazi hamletei mwanawe isale."

"Nani kasema? Ulisomea India, hukusomea haya. Pokea."

Mdogo wangu alikuwa ametazama sakafu. Nilivua glavu, nikapokea isale kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na umande wa kwetu.

"Nipake sumu yako," mama akasema. "Nikifa, nimekwisha kukusamehe wewe na nyoka wako. Huyu hapa ni shahidi."

Niliweka isale mezani, kati ya hadubini na mtungi wa spiriti. Katika maisha yangu nimefanya mitihani mingi na sikuwahi kushindwa hata mmoja. Ule ulikuwa mgumu kuliko yote, na hakukuwa na msimamizi wa kuniambia muda umekwisha.

"Nimepokea," nikamwambia. "Lakini kabla sijafanya, nipe damu kidogo ya mkononi. Ulale kwangu leo. Kesho asubuhi nitakuonyesha kitu, kisha utaniambia la kufanya. Utakaloniambia nitalifanya."

"Utalifanya?"

"Isale liko mezani, mama."

Akakunja mkono wa kitenge. Nilimtoa damu, nikaichanganya na jeli iliyopoa kiasi, nikaimimina kwenye sahani. Ikaganda, nyekundu sawasawa, kama kitambaa cha altare wakati wa Pentekoste. Nikatoboa kishimo katikati, nikatia sumu ileile ya swila, kutoka chupa ileile. Mama alinitazama muda wote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniona nikifanya kazi.

"Kumbe ni kama kupika," akasema.

Asubuhi nilimkalisha karibu na dirisha, nikampa sahani ya kwanza, ile ya ukungu.

"Huu ndio ugonjwa wako. Hapa niliweka sumu."

Aliigeuza kwenye mwanga. Aliutazama ukungu ule wa kahawia kama mtu anavyomtazama jirani aliyekuwa akimwibia. "Imemfukuza," akasema. "Ameogopa kusogea."

"Ndiyo. Sasa tazama hii."

Nikampa sahani ya pili. Wekundu ulikuwa umebaki pembeni tu. Kukizunguka kishimo palikuwa peupe, pamekwanguka, hata maandishi ya gazeti niliyoweka chini yakasomeka.

"Hii ni damu ya nani?"

"Yako. Ya jana."

"Imekwenda wapi?"

"Sumu imeipasua. Imeila."

Mdogo wangu alisogea akachungulia juu ya bega lake. "Braza, si upunguze? Weka kidogo."

"Nimepunguza. Nimejaribu kidogo, nimejaribu kidogo zaidi. Panapobaki nguvu ya kuzuia ukungu, panabaki nguvu ya kupasua damu. Ipo siku watu watazitenganisha hizo mbili, wachukue kipande kile kinachoua ukungu na kukiacha kingine. Naamini hivyo kabisa. Lakini vyombo vya kazi hiyo sina, na hapa Moshi hakuna."

Mama hakutusikiliza. Alishika sahani moja kila mkono, akawa anazitazama kwa zamu. Nje watu walikuwa wakipita kwenda sokoni, mtu akapiga kengele ya baiskeli. Kisha akaziweka zote mbili juu ya mapaja yake.

"Basi haijui," akasema. "Haijui kipi ni mimi na kipi ni ugonjwa."

"Haijui, mama."

"Hata wewe huwezi kuiambia."

"Siwezi. Bado."

Mdogo wangu akaanza kulia, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mafua. Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, mguu si wako," naye akanyamaza.

"Isale halirudishwi," mama akasema hatimaye.

"Halirudishwi."

"Basi nabadilisha ombi. Wakate. Lakini mguu wangu usitupwe. Uulete nyumbani, uuzike kwa baba yenu, unisubiri pale. Hilo unaweza?"

"Hilo naweza."

"Kwa mikono yako. Usimtume mtu."

Daktari aliposikia alivua miwani yake. Alisema kwa kawaida viungo vilivyokatwa huchomwa, kwa ajili ya usalama, na hajawahi kuombwa hivyo. Nilimweleza, kama mtaalamu kwa mtaalamu, kwamba nitauloweka kwenye fomalini, nitaufunga kwa tabaka la nailoni na tabaka la kitambaa, nitauweka kwenye sanduku lililobana, na kaburi litakuwa na kina cha kutosha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma wapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Sawa. Nitakuamini. Lakini ufunge mwenyewe."

Nilifunga mwenyewe. Sitaeleza zaidi. Nimeshika nyoka wengi, lakini mzigo uliowahi kunilemea ni ule, na haukuwa mzito.

Mdogo wangu alitengeneza sanduku la mbao za mruka, mti wa kivuli cha kahawa kwetu, fupi, kama la mtoto. Tuliliweka kwenye pikapu ya maziwa, mimi nikakaa nyuma nalo. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda, wanawake waliokuwa wakirudi na majani kichwani waliona sanduku, wakaona sura yangu, wakatua mizigo yao wakaanza kuomboleza. Mmoja akapiga kelele, "Mama wa watu amekwenda!" Mdogo wangu akalazimika kusimamisha gari.

"Hajafa!" akawaambia dirishani. "Ni mguu!"

"Mguu?"

"Mguu tu! Yeye yuko hospitali anakunywa uji!"

Wakatazamana. Hawakujua walie au wafurahi. Mmoja, mkubwa kuliko wote, akachukua jani moja kutoka kwenye mzigo wake, akaliweka juu ya sanduku. "Ni huu uliokuwa ukitangulia mbele yetu kwenda porini," akasema. "Upite."

Wakapisha njia.

Tulichimba wenyewe, mdogo wangu na mimi, karibu na kaburi la baba, upande ambao mama alikuwa ametuonyesha. Mchungaji alikuja bila joho, akasema amepita kutusalimu tu, kwa kuwa kitabu cha ibada hakina mahali pa mguu. Alisimama pembeni ya migomba na kofia mkononi mpaka tulipomaliza. Juu ya udongo nilipanda tawi la isale nililolikata kwenye mpaka wetu wa juu, palepale mama alipochuma jani lake. Lile jani lenyewe lilikuwa limekwisha kukauka, nikalifukia chini ya mizizi.

Mama aliporudi, kwa magongo, hakuingia ndani kwanza. Alipita uani, akapita banda la ng'ombe waliokuwa wakimlilia, akaenda hadi kwenye migomba. Alisimama pale akiegemea gongo moja, akaligusa isale kwa ncha ya gongo la pili.

"Limeshika," akasema. Ndipo akaomba kigoda.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ukungu haukurudi. Alikamua ng'ombe akiwa amekaa, alikwenda kanisani, alimtania mdogo wangu mbele ya mkewe, na wageni walipokuja aliwaambia kwamba mwanawe ndiye mtu pekee mlimani anayejua kumkataza nyoka. Maabara yangu ikapanuka, nikanunua jengo. Kazi ya sumu niliiendeleza kadiri ya vyombo vyangu, na hata leo nasimama na neno langu: ndani ya sumu ya swila mna kitu kinachoua ukungu, na atakayekitenga na kile kinachopasua damu ataokoa miguu ya watu wengi. Sahani ya kwanza niliiona mimi. Ile ya pili pia niliiona mimi, na hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi.

Siku ya kumzika mama, wachimbaji walifika karibu na lile isale, ambalo lilikuwa limenizidi urefu, wakasita. Mdogo wangu akanitazama.

"Braza, tulisogeze?"

"Msiliguse. Chimbeni upande wa juu wa mteremko, ubavuni mwake."

Jeneza liliposhushwa, niliwaomba waligeuze kidogo. Hawakuuliza kwa nini. Tukamlaza ubavu wa kushoto ukielekea kwenye isale.